Mahali pa Kurushia Dadu

"Hao waliomo humo pangoni wametukosea nini?"

Shemeji yangu aliuliza hivyo huku ameshika karatasi ya mhusika wake, shujaa mwenye upanga na ngao, na mbele yake nimechora lango la pango kwa chaki. Binamu yangu alikuwa amerudi kutoka masomoni Uingereza na kitabu cha Dungeons & Dragons, toleo la tano, pamoja na mfuko wa madadu ya ajabu: la pande 4, la pande 8, la pande 12, la pande 20. Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa hesabu katika ukoo, kazi ya kuendesha mchezo ikaniangukia. Maelezo nilikuwa nimeyasoma yote: wahusika wanaingia pangoni, wanawaua waliomo, wanabeba dhahabu, wanapanda ngazi. Lakini shemeji ni wakala wa forodha bandarini Tanga, na maisha yake yote ni kuuliza mali imetoka wapi. Akakataa kuingia. Akapendekeza tubishe hodi.

Ambaye hajawahi kuuona mchezo wa aina hii asitafute ubao wala mshindi. Mtu mmoja anasimulia dunia: mji, bahari, watu wake. Wengine kila mmoja anashika mhusika na kusema anachofanya. Pale ambapo hakuna ajuaye kitakachotokea, dadu linarushwa. Kanuni ni makubaliano tu ya lini dadu lirushwe, na likisharushwa nini kiandikwe kwenye karatasi. Hayo yanayoandikwa ndiyo yaliyonishughulisha miaka yote tangu shemeji abishe hodi pangoni.

Swali lake lina jibu katika historia. Mwaka 1974 Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na Dave Arneson wa Minnesota walitoa vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala elfu moja. Msingi wake ulikuwa michezo ya vita ya wanasesere wa askari; Gygax na Jeff Perren walikuwa wameshachapisha kanuni za namna hiyo, Chainmail, mwaka 1971. Katika kanuni zile za mwanzo mhusika alikua zaidi kwa hazina kuliko kwa kuua: sarafu moja ya dhahabu iliyotolewa shimoni ilimpa alama moja ya uzoefu. Basi wachezaji wakaenda mashimoni. Wangepewa alama kwa kupanda miembe, wangepanda miembe.

Hata uhai wa mhusika una asili yake. Katika Chainmail askari akipigwa barabara amekufa, yamekwisha. Arneson alipowaachia rafiki zake kila mmoja ashike shujaa wake katika dunia aliyoiita Blackmoor, wakawapenda mashujaa wale, wakachukia kuwapoteza kwa pigo moja. Yeye mwenyewe alieleza baadaye alikopata dawa: alikuwa na kanuni alizoziandika za mapigano ya meli za chuma za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambamo kila meli ina kiasi cha madhara inachoweza kuvumilia na unene wa ngozi yake. Akamvika binadamu hesabu ya meli. Ndiyo maana mpaka leo mhusika wa mchezo huu anachomwa mkuki, anachomwa tena, anaendelea kupigana kwa nguvu zile zile mpaka hesabu ifike sifuri, ndipo anazama.

Niliposoma habari hiyo niliacha kuona kanuni kuwa kitu kilichoshuka kimekamilika. Zilikuwa za watu fulani, zimeshonwa kutokana na vitambaa vilivyokuwa karibu yao.

Kazi nyepesi kuliko zote ni kubadili majina, na binamu aliimaliza kwa usiku mmoja. Upanga ukawa jambia, kilabu cha pombe kikawa mkahawa wa kahawa na kashata, msitu ukawa mikoko, zimwi la Ulaya likawa zimwi la kwetu. Tukacheza. Mazungumzo yalipendeza kwa nusu saa, kisha kila mtu akarudi kuhesabu dhahabu na uhai. Walikuwa watu wale wale wa Wisconsin, ila wamevaa kanzu.

Nikaanza kuwatafuta waliowahi kufanya kazi hii kwa undani. Greg Stafford alianza kubuni dunia yake ya Glorantha mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa chuo. Mwaka 1978 ilipata kanuni zake, RuneQuest, zilizoandikwa na Steve Perrin na wenzake. Humo hakuna tabaka la "mchawi" lililotengwa na tabaka la "mpiganaji". Kila mtu ana mizimu na miungu wa ukoo wake, kwa hiyo kila mtu ana uchawi kidogo, na ustadi wake unapanda kwa kuutumia. Dark Sun ya mwaka 1991 ilibaki na kanuni za Dungeons & Dragons lakini ikakifanya chuma kuwa adimu na uchawi kuwa kitu kinachoua mimea inayouzunguka; mabadiliko hayo mawili tu yaliifanya dunia nzima inuke jangwa. Spears of the Dawn ya Kevin Crawford, mwaka 2013, iliiweka Afrika Magharibi ya kubuni mbele ya wachezaji, na mganga akiwa mmoja wa wahusika wanne wa msingi. Niliisoma kwa furaha na kwa wivu kidogo.

Aliyenifundisha zaidi ni Stafford tena, katika Pendragon ya mwaka 1985, mchezo wa mashujaa wa Mfalme Arthur. Humo tabia zinaandikwa kwa jozi, huruma na ukatili kwa mfano, na kila jozi jumla yake ni 20: ukiongeza huku unapunguza kule. Kisha kila mwaka, baada ya safari moja, kunakuja msimu wa baridi ambapo mchezaji anashughulikia shamba, ndoa na watoto. Shujaa anazeeka, mwanawe anachukua nafasi. Dunia ya mashujaa wale inathamini ukoo na heshima, basi karatasi nayo inahesabu ukoo na heshima. Hakuna hotuba ndefu inayohitajika.

Basi nikafuta ubao. Dunia yetu ingekuwa visiwa na miji ya mawe ya pwani ya kubuni, yenye pepo, majini ya bahari, misafara na mashairi ya kujibizana. Swali la kwanza halikuwa mhusika ana nguvu kiasi gani. Lilikuwa: watu wa pwani hii wanaogopa nini, wanataka nini, na katika hayo yapi niyaachie dadu?

Madadu yenyewe yaliamuliwa na duka la jirani. La pande 20 haliuzwi pale. Ya pande sita yamo katika kila kisanduku cha ludo. Nilijaribu kauri pia, maana zinapendeza mkononi, lakini kauri mgongo wake na mdomo wake havina uzito sawa, na kila seti ina ukaidi wake. Tukabaki na madadu mawili ya ludo. Faida yake niliiona kama mwalimu. Dadu la pande 20 linaipa kila namba asilimia 5 ile ile, yaani bingwa na mwanagenzi wanayumbishwa sawa. Madadu mawili yanapenda katikati: 7 inapatikana kwa njia 6 kati ya 36, na 2 kwa njia moja tu. Kutoka Apocalypse World ya Vincent na Meguey Baker, mwaka 2010, tulichukua mgawanyo wa matokeo: 10 na kuendelea umefanikiwa, 7 hadi 9 umefanikiwa lakini kwa gharama, chini ya hapo msimulizi anakuletea balaa. Ile "lakini" ya katikati ndiyo iliyotuletea hadithi nyingi.

Kuhusu bahari nilikuwa na kanuni ya upepo: kila alfajiri dadu linaamua unavuma kutoka wapi. Mezani petu alikuwepo fundi wa mashua kutoka Pangani, tuliyemwita Nahodha. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "upepo haurushiwi dadu. Upepo una mwezi wake."

Tukatengeneza kalenda badala ya dadu. Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, inawaleta wageni kutoka ng'ambo. Kusi, tangu Aprili au Mei hadi Septemba, linawarudisha. Katikati ni tanga mbili, hewa haina msimamo, na ni hapo tu ambapo dhoruba inaamuliwa kwa dadu. Kwenda na upepo hakugharimu kitu, kuupinga kunakula siku, chakula na subira ya mabaharia. Matokeo yake hatukuyatarajia. Ghafla kila jambo likapata tarehe ya mwisho. Mfanyabiashara anayekudai lazima alipwe kabla upepo haujageuka. Mchumba wa ng'ambo ama anaolewa sasa ama anasubiri mwaka. Na kusi linapokuwa kali, vyombo vikavutwa pwani, tuliweka kitu kama ule msimu wa baridi wa Pendragon: kila mchezaji anasimulia nyumbani kwake kumetokea nini, nani kaoa, nani kazaa, paa gani limevuja, duka gani limemkatalia mkopo. Jioni zile za kusi ndizo wachezaji walizoziulizia kila wakati, kuliko vita vyote nilivyoviandaa.

Kisha zikaja hesabu za Arneson. Niliziondoa kwa watu, nikazirudisha zilikotoka: chomboni. Mtepe wetu, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, ulipewa mishono 12. Kila ukigonga mwamba au kupigwa wimbi la ubavu, mishono inafunguka. Ikibaki chini ya sita, mtu mmoja hafanyi lolote ila kufua maji. Ikibaki chini ya tatu, mnaamua nini kitoswe baharini: nazi, vyombo vya kaure, au sanduku la mahari alilokabidhiwa Nahodha na mjomba wake. Kukishona upya kunataka kamba, ufuko na siku kadhaa. Wachezaji walikihurumia chombo kile kuliko nilivyowahi kuwaona wakimhurumia mtu katika mchezo.

Binadamu tukampa majeraha, yameandikwa kwa maneno: "kiganja cha kushoto kimekatwa", "mguu umevunjika chini ya goti". Kila mmoja ana nafasi tatu za majeraha, na zikijaa amefariki. Muda wa kupona uliandikwa na dada mmoja muuguzi, naye hakutuonea huruma: mguu uliovunjika unamaliza msimu mzima wa upepo. Binamu alilalamika kwamba hakuna shujaa atakayepigana kwa masharti hayo. Muuguzi akamjibu kwamba hata wodini kwake hakuna anayerudi vitani Jumatatu. Vita vikapungua kweli. Watu wakaanza kusuluhisha, kuhonga, kukimbia, kutishiana kwa mashairi. Shemeji hakuwa na la kulalamikia tena.

Uchawi ulinichukua muda mrefu kuliko yote. Ule wa Dungeons & Dragons una baba yake, hadithi za Jack Vance katika The Dying Earth za mwaka 1950, ambamo mchawi anajaza akilini maneno machache yenye nguvu, na akishayatamka yanamtoka. Gygax alipenda jambo hilo kwa sababu linahesabika: leo una matatu, ukiyatumia yamekwisha, kesho unajaza tena. Kwenye karatasi ni sawa na risasi. Ni ubunifu mzuri, ila mezani petu hapakuwa na hata mmoja aliyekulia penye mchawi wa namna hiyo. Wote tulikulia penye masharti. Usile samaki fulani, usiruke mchi, usigeuke nyuma ukiitwa, na yule aliyekusaidia atarudi siku moja kudai chake.

Kwa hiyo mganga wa mchezo wetu hana idadi ya uchawi kwa siku. Anaye pepo mmoja, mwenye jina la kubuni, rangi ya nguo aipendayo, harufu yake, ngoma yake na mwiko wake. Anaweza kumwomba lolote wakati wowote, na pepo hakatai. Kila msaada unaandikwa kuwa deni. Akishaliandika anarusha madadu mawili: jumla isipozidi idadi ya madeni yake, pepo amekuja kudai pale pale. Deni la kwanza halina hatari kabisa, maana madadu mawili hayawezi kutoa moja. Kila mkopeshaji anaijua hesabu hiyo. Kwa madeni matatu hatari ni asilimia 8, kwa matano ni 28, kwa saba imevuka nusu. Kuyafuta ni mpaka ngoma ichezwe.

Dada muuguzi ndiye aliyemshika mganga. Mwanamke anayehesabu vidonge kazini kutwa nzima akageuka mkopaji asiye na breki. Aliomba ukungu, aliomba samaki, aliomba hata mlango ufunguke ambao ufunguo wake alikuwa nao. Wakiwa katikati ya mlango wa bahari, maharamia nyuma yao na mishono ya mtepe imebaki mitano, aliomba upepo akapata, akarusha madadu, akapata nne. Madeni yalikuwa sita. Pepo akapanda kiti chake, akataka ubani, kitambaa chekundu na ngoma, hapo hapo. Nahodha alivua kilemba, shemeji akageuza pipa la maji tupu kuwa ngoma, na binamu, ambaye shujaa wake alikuwa na mkono mmoja mzima, akaambiwa aimbe. Tulipiga meza ya mama yangu mpaka akatoka jikoni kuuliza kuna msiba au harusi. Maharamia, nikaamua bila dadu, waliposikia ngoma inatoka kwenye chombo kinachozama, waligeuza tanga.

Yako niliyoyaondoa kwenye dadu moja kwa moja. Shemeji ni mtu wa msikitini, akaniweka pembeni mapema kabisa: majini na mizimu ya hadithi hana shida nayo, bibi yake alimsimulia kila usiku, lakini aya isigeuzwe silaha na dua isipewe alama. Kitabu cha asili kina watu wa dini wanaoponya kwa sala kwa ratiba ya kila siku, kama dawa ya hospitali. Kwetu tuliandika sentensi moja: mhusika akiomba dua, meza inanyamaza, hakuna kinachorushwa, msimulizi anaendelea. Hiyo ndiyo kanuni fupi kuliko zote na haijawahi kuzua ubishi.

Jingine lilitoka kwa muuguzi, ambaye watu wake ni wa bara. Nilikuwa nimeandika orodha ya bei: kamba, tende, ambari, pembe. Aliisoma taratibu, kisha akauliza kama watu wamo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mezani petu wamo vitukuu wa waliofungwa minyororo na pengine vitukuu wa waliowafunga. Kuchora miji ya mawe bila kuuliza nani alibeba mawe ni uongo. Lakini safu ya bei ingewafanya rafiki zangu wakae wakikokotoa, na najua mkono unavyozoea kukokotoa. Tuliamua kwamba katika dunia yetu minyororo ipo, wahusika wanaweza kuikata, kuwaficha waliotoroka, au kuaibika kwa ukimya wao. Bei ya mtu haiandikwi mahali popote.

Dhahabu nayo ilibaki dhahabu, ya kununulia kamba. Kinachomkuza mhusika ni jina. Mwisho wa jioni mchezaji mmoja anasimulia tendo la mwenzake, kama linavyosimuliwa barazani, na likikubalika linaandikwa. Mtu hajisifu mwenyewe. Nahodha na shemeji waligundua haraka sana kwamba wanaweza kusifiana kwa zamu. Tukaongeza kwamba kila jina linaandikwa pamoja na mtu aliyechukizwa nalo, na watu hao wote ninawatunza kwenye daftari langu. Ushirika wao ulivunjika wenyewe.

Kwa mwenye majina matatu tukarudi kwa Fumo Liyongo, shujaa ambaye silaha hazikumpata, ila sindano ya shaba kitovuni. Anayefikia hapo hauawi na lolote, isipokuwa jambo moja analolichagua yeye, analiandika, na analazimika kumwambia mchezaji mmoja tu. Sikuwahi kuandika kanuni ya usaliti. Haikuhitajika. Siku binamu alipomnong'oneza muuguzi siri yake, wote waliobaki waliacha kula korosho.

Januari 2023, baada ya wachezaji duniani kulalamikia mpango wa kubadili leseni ya zamani, wamiliki wa Dungeons & Dragons waliziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons. Binamu alinipigia simu kwa furaha: sasa tunaweza kuzitumia wazi. Nikapekua daftari nione tumebakiza nini cha kwao. Kilikuwepo kimoja: mwenye nafasi nzuri anarusha dadu la ziada na kuchukua yaliyo makubwa. Tumekipa watani. Wahusika wawili kutoka miji yenye utani wakiwa pamoja, mmoja anaweza kumtukana mwenzake kabla hajarusha. Meza ikicheka, anarusha matatu na kuchagua mawili bora. Uwezekano wa kushindwa unashuka kutoka asilimia 42 hadi 19. Kwa ukubwa wa faida hiyo, matusi yamefikia kiwango cha sanaa, na mama yangu sasa anakaa sebuleni.

Mwanafunzi wangu wa zamani anayesoma Dodoma aliomba nakala ya daftari. Nilimpigia picha kurasa zote, nikamsihi aitunze kalenda ya upepo. Ameifuta. Kwao hakuna bahari, akaniandikia, kwa hiyo mwaka wameugawa kwa masika na kiangazi, mtepe umekuwa kundi la ng'ombe, na mishono 12 imekuwa ndama, mitamba na fahali wenye majina. Pepo wa kukopesha wamemwacha alivyo. Nilisononeka kwa siku mbili kuhusu upepo wangu, kisha likaja swali lao: ng'ombe akiibiwa usiku kwa ujanja mkubwa, na kesho yake mwenyewe akamfuata nyayo mpaka akamrudisha, jina linaandikwa kwa nani? Nahodha anasema kwa mwizi. Muuguzi anasema kwa mwenye mali. Binamu anataka liandikwe kwa ng'ombe, na kwa kuwa kanuni hairuhusu mtu kujisifu, sioni kifungu cha kumkatalia.